Nilimpokonya Mama Mkwe Mjukuu kwa Chupa ya Chai

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia ukifika katikati, ukadhani kuna mtu alinisukuma. Hakuna aliyenisukuma. Ni wivu tu, wivu mtupu, na walioumia ni mtoto wangu wa kunizaa na mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kunikosea hata siku moja.

Jina langu sitalitaja. Majirani wakinijua itabidi nihame. Mtoto nitamwita Kemunto, kwa kuwa wasichana wanaoitwa hivyo huku kwetu ni wengi na hakuna atakayejua ni yupi.

Nimeolewa katika boma moja upande wa Itumbe, kwa watu wa majani chai na ndizi. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai, kwa zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Mimi nasuka nywele katika saluni moja pale Masimba. Mama mkwe ana nyumba yake hapo hapo bomani, hatua kama ishirini kutoka mlango wangu. Kemunto alipofika miezi minne nilirudi kazini, naye akabaki na nyanya yake, magokoro kama tunavyosema kwetu.

Wenzangu saluni walikuwa wakisema nina bahati. Wao kila siku walilalamika: msichana wa kazi amemnyima mtoto uji, msichana wa kazi ametoroka. Mimi sikuwa na la kulalamika. Nilirudi jioni nikakuta mtoto ameoga, ameshiba, na nepi zimeanikwa zikakauka. Mwanamke mwenye akili zake angepiga magoti akashukuru. Mimi nilianza kuhesabu mambo ambayo mtoto anamfanyia nyanya yake na mimi hanifanyii.

Aliicheka sauti ya nyanya yake kabla ya kuicheka yangu. Nikanyamaza. Alijifunza kukaa kwenye mkeka wa nyanya yake. Nikameza. Halafu likaja jino.

Hebu fikiria. Mimi ndiye niliyembeba miezi tisa, mimi ndiye niliyepasuliwa, lakini habari ya jino la kwanza la mtoto wangu niliipata kwa simu! Tena si kwa mama mkwe. Yeye alimpigia mwanawe, mwanawe ndiye akanipigia mimi, nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha watu. Nilisema "Mungu ni mwema" kwa sauti kubwa ili wenzangu wasikie, na papo hapo nikamvuta mteja nywele mpaka machozi yakamtoka.

Jioni mama mkwe alinionyesha. Alikuwa na kitambaa cheupe kilichochemshwa, alikizungusha kwenye kidole, akakilowesha, akampitishia mtoto polepole kwenye fizi na kwenye kile kijino cha chini. Kumbe alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, hata kabla jino halijachomoza, kila baada ya kunyonya. Aliambiwa na muuguzi wa zahanati siku ya chanjo. Na chanjo nani alimpeleka? Yeye. Mimi nilikuwa Masimba.

Meno yalipoongezeka akanunua mswaki mdogo wa rangi ya waridi siku ya soko. Alimkalisha mtoto katikati ya mapaja yake, kichwa kimeegemea kifuani, akaweka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, akasugua mbele na nyuma. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Uji wa wimbi aliupika bila sukari. Aliniambia kwamba yeye meno yake yalianza kumwisha akiwa bado msichana, na hataki mjukuu wake aonje uchungu ule.

Siku moja niliuomba ule mswaki nijaribu mwenyewe. Kemunto alifunga mdomo, akapinda shingo kumtafuta nyanya yake.

"Atakuzoea tu, mwanangu," mama mkwe akaniambia. "Enda polepole."

Alisema kwa upole. Leo najua ulikuwa upole. Siku hiyo nilisikia mwanamke anayejivunia mtoto wangu mbele yangu, na nikarudi nyumbani kwangu nikafunga mlango kwa kishindo.

Ikawa hivyo kwa miezi mingi. Kila nikimchukua jioni ni kilio. Anashika leso ya nyanya yake, vidole vinabanduliwa kimoja kimoja, majirani wanasikia. Kuna mmoja aliniuliza kama mtoto huwa ninampiga. Jamani!

Kemunto alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa siku nilipofanya kitu cha kwanza. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Mtoto alilia tangu nilipomtoa kwa nyanya yake, sauti ikamkauka, na mimi nimesimama siku nzima, miguu inawaka moto. Mezani kulikuwa na chai. Chai ya kwetu unaijua, ni maziwa matupu, na mimi sukari huwa sibani mkono. Nikaimimina kwenye chupa yake ya kunyonyea, nikaongeza vijiko viwili vya sukari juu ya ile iliyokuwemo, nikapoza, nikampa.

Akanyamaza. Akanitazama usoni huku ananyonya, mkono wake umeshika kidole changu, mpaka usingizi ukamchukua na chupa iko mdomoni.

Kwa nini nidanganye? Nilifurahi kuliko siku niliyomzaa.

Kesho yake jioni aliponiona tu akanyoosha mikono. Mimi! Alininyooshea mimi! Mama mkwe akasema, "Unaona? Nilikuambia atakuzoea." Alifurahi kweli, maskini ya Mungu. Na mimi nikambeba mtoto nikaondoka bila hata kusema usiku mwema, nikijiona nimeshinda vita.

Tangu siku hiyo chupa haikukosa. Chai ikiwa hakuna, nilikoroga ile juisi ya unga. Biskuti nazo niliziloweka humo. Kemunto alilala na chupa mdomoni kila siku, akishtuka ananyonya kidogo, analala tena. Wiki ambazo mume wangu alikuwa nyumbani nilimwambia ni maziwa ya ng'ombe, naye hakuuliza zaidi. Mwanamume aliyechoka akiambiwa maziwa anaamini maziwa.

Kitanda cha mtoto nilikuwa nimekihamishia chumbani kwetu, na hapa nataka wasiotoka kwetu wanielewe. Kwa Abagusii, mzazi hakanyagi chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, wala hazungumzi naye mambo ya humo. Hata akiwa mgonjwa mahututi, hata nyumba ikiwa inavuja. Tunaita chinsoni, ile heshima ya kuogopana baina ya mzazi na mtoto. Mama mkwe alikuwa akifika sebuleni, anaketi, anakunywa maji, anaondoka. Mlango wa chumba kile kwake ulikuwa ukuta. Mimi nilijua hivyo, na ndiyo sababu chupa, sukari na biskuti vyote nikaviweka chini ya kitanda huko ndani.

Miezi ikapita. Mama mkwe akaanza kuona kitu kwenye meno ya mbele ya juu, mistari myeupe karibu na ufizi. Baadaye ikawa ya manjano. Akaniita mchana mmoja wa Jumapili akanionyesha.

"Huyu mtoto anakulanga nini kwako?" akaniuliza. "Hii meno ya juu haikuwa hivi."

Nikamwambia anakula chakula kama watoto wengine. Nikaongeza kwamba labda ni huo mswaki wake anaomkwaruza nao kila siku. Nikaongeza tena, na hapa nilikuwa na kiburi cha ajabu, kwamba hayo ni meno ya maziwa tu, yatang'oka yenyewe, hakuna haja ya kuyaabudu. Akanitazama, akasema muuguzi hakusema hivyo. Muuguzi, muuguzi! Nilichoka kusikia habari za muuguzi. Nilichukua ule mswaki wa waridi pale dirishani kwake, nikasema kuanzia leo nitampigisha mtoto wangu mswaki mimi mwenyewe, na jioni nikautupa chooni.

Sikumpigisha. Nilijaribu mara mbili, Kemunto akalia, nami sikutaka alie. Mtoto akilia kwangu nilisikia anamlilia nyanya yake.

Mama mkwe alikuwa akifua nguo za mtoto. Siku moja blanketi ya Kemunto niliichanganya na nguo nyingine kwenye beseni, nikasahau, nikaenda kazini. Niliporudi aliniita kando, akaongea kwa sauti ya chini kabisa. Aliniambia blanketi ya mtoto ilikuwa na madoa ya chai upande wa kichwani, na alipoianika ilijaa sisimizi. Akauliza kama mtoto hulala akinywa.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na meno yale pengine yangeokoka! Badala yake nikamkazia macho nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke.

"Kwani Mama, umeanza kuingia chumbani kwetu?"

Kama hukuzaliwa kwetu huwezi kujua uzito wa swali hilo. Ni kama kumwambia mama mzee kwamba amevua nguo mbele ya mwanawe. Lingesikika nje, angeitiwa wazee. Mama mkwe alibadilika sura. Alishika mlango, akasema hakuingia na asingeingia. Nikamwambia basi ya chumbani aniachie mimi. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena neno lolote juu ya meno, blanketi, wala kitanda. Alimlea mtoto mchana, akampa uji wake usio na sukari, akamsukutua kwa maji, na jioni akanikabidhi.

Nami nikaona nimemweza.

Kemunto alipokaribia miaka mitatu, meno manne ya mbele ya juu yalikuwa yamegeuka vipande vyeusi. Akawa anakataa kutafuna. Mahindi hataki, nyama hataki. Halafu asubuhi moja akaamka mdomo wa juu umevimba hadi pua imeinuka, mwili wa moto, na juu ya ufizi kuna kipele cha usaha. Mume wangu alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini. Tulimkimbiza hospitali mjini Kisii na nguo alizolala nazo.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Alimkalisha Kemunto kwenye kile kiti kikubwa akamwomba afungue mdomo. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nilimshika mkono, nikamwambia mama yuko hapa. Akauvuta mkono wake, akageukia mlango, akaita, "Magokoro! Magokoro!"

Sikiliza jinsi nilivyo. Mtoto wangu ana usaha mdomoni, ana homa, na mimi kilichonichoma ni jina aliloita. Baada ya chupa zote zile!

Na ndipo daktari akauliza, bila ubaya wowote, akiandika, "Mchana mtoto hukaa na nani? Na analala na chupa ya kitu chochote kitamu?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikajibu kabla hajafungua mdomo.

"Hukaa na nyanya yake," nikasema. "Humtafunisha miwa kutwa nzima, na humpa chai ya sukari kwenye chupa akimlaza mchana. Nimemkataza hadi nimechoka."

Ilitoka laini. Hata mimi nilishangaa. Miwa ilikuwepo kweli, mashina machache nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na kila mtu alijua anapenda kuipasulia watoto wa majirani. Uongo wangu ulikuwa na mahali pa kukaa.

Daktari hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba kitu kitamu kikilala mdomoni mtoto akiwa usingizini hakina mate ya kutosha ya kukiosha, kinakula jino. Akaeleza kwamba haya meno ya maziwa ndiyo yanayoyashikia nafasi yale ya ukubwani, na kwamba manne ya mbele hayawezi kuokolewa, na gego moja lina tundu la kuzibwa. Mapya ya mbele yatakuja akiwa na miaka saba hivi. Nilihesabu kichwani. Miaka minne bila meno ya mbele!

Walimdunga ganzi. Mimi nilishika miguu, baba yake akashika kichwa. Walipomaliza, meno yale yalikuwa kwenye kibakuli cha chuma, madogo, meusi, na mume wangu aliyatazama bila kupepesa macho.

Tulipofika nyumbani alinikabidhi mtoto, akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba ya mamake. Alikata miwa yote. Mama mkwe alitoka, akasimama akiangalia, akauliza mtoto anaendeleaje. Mwanawe akamwambia mtoto ameng'olewa meno manne kwa sababu yake, na kwamba kuanzia leo Kemunto hatakanyaga mlango wake.

Nilikuwa nimesimama kizingitini na mtoto amelala begani. Mama mkwe alinitazama. Nilisubiri aseme. Alifungua mdomo, akaangalia mwanawe, akaangalia nyumba yetu, akafunga mdomo.

"Sawa," akasema. "Apone tu."

Akaingia ndani. Sikulala kwa raha siku hiyo, lakini sitasema nililia, maana sikulia. Nilijiambia mambo yatapoa.

Hayakupoa. Boma letu halifichi neno. Wanawake wanaochuma chai walikuwa wakimwachia watoto wao asubuhi, wanne watano hivi, na walipenda kwa kuwa mama mkwe hakuchoka. Wiki moja baadaye mlango wake ulikuwa hauna mtoto hata mmoja. Sabato kanisani nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba yule mama ndiye aliyeozesha mdomo wa mjukuu. Yeye alikuwa amekaa benchi la mbele, kitambaa chake cheupe kichwani, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa. Najua alisikia. Mwezi haukuisha, akafunga nyumba yake akaenda kuishi na binti yake aliyeolewa Sironga. Kuku wake alituachia sisi.

Basi nikawa na mtoto wangu peke yangu, kama nilivyotaka. Nilimkumbusha mume wangu maneno ya daktari, nikasema hata ile chupa ya maziwa sasa basi, nikaitupa. Kemunto alilia kwa wiki mbili kisha akasahau. Nilikwenda naye saluni, akakaa kwenye kigoda chini ya meza. Mwanzoni aliuliza magokoro yuko wapi. Nilimwambia amesafiri. Akauliza tena, nikajibu hivyo hivyo, na siku moja nikagundua hajauliza kwa muda mrefu.

Alipoanza chekechea wenzake walimpa jina. Walimwita "Magokoro", kwa sababu ya pengo. Maneno yenye s na f yalimtoka na hewa tupu, akawa anaziba mdomo kwa kiganja akicheka. Mwalimu akaniambia hataki kuimba na wenzake. Kila picha niliyo nayo ya mwanangu tangu hapo, mdomo umefungwa.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu, na kwamba inatosha. Kumbe la kunivunja lilikuwa bado.

Alikuja mteja mmoja saluni, jirani yetu kutoka kule kule nyumbani, mmoja wa wale waliokuwa wakimwachia mama mkwe watoto. Alikuja na binti yake, umri mmoja na Kemunto. Nikiwa namsuka mama, mtoto akacheka kitu fulani, na meno yake yalikuwa meupe pe, yamejipanga yote. Nikasema, ili kusema tu, kwamba mtoto ana meno mazuri.

Mama yake akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyelibeba neno muda mrefu, kwamba binti yake alitafuna miwa ya mama mkwe wangu miaka miwili mizima. Kila alipomaliza alisukutuliwa kwa maji, na mswaki wake ulikaa pale pale kwa yule mama. "Nimejiuliza sana," akasema, "kama ni muwa, mbona huyu wangu haukumharibu?"

Mikono yangu iliacha kusuka. Yeye hakuniangalia kwenye kioo, na mimi sikumwangalia. Nilimaliza kichwa kile sijui vipi.

Siku hiyo nilifunga mapema. Mume wangu alikuwa nyumbani, analisha ng'ombe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama pale zizini: chai, juisi, chupa chini ya kitanda, mswaki chooni, lile swali la chumbani, uongo wa hospitali. Nilimwambia bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea.

Nilitarajia kofi. Afadhali angenipiga! Aliweka chini ndoo, akaketi juu ya jiwe, akakaa hapo hadi giza likaanza kuingia.

"Nilikata miwa ya mama yangu," akasema hatimaye.

Jumapili tulikwenda Sironga, sisi watatu. Kemunto alikuwa na miaka mitano na nusu. Mama mkwe alitoka jikoni kwa binti yake akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa amekonda. Alipomwona mtoto alichutama pale pale uani, kwa shida, akafungua mikono yote miwili.

Kemunto alijificha nyuma ya sketi yangu. Alinishika kwa nguvu, akachungulia, akaniuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeitaka tangu lile jino la kwanza. Mtoto wangu, mimi, na yule mama, na mtoto achague mimi. Basi alinichagua mimi. Na ningelitoa kila jino nililo nalo kichwani ili aniache aende kwa yule mzee aliyechutama.

Mama mkwe aliteremsha mikono yake taratibu. "Mwacheni," akasema. "Ni mtoto."

Ndani ya nyumba mume wangu alipiga magoti. Nami nikapiga. Nilieleza tena yote kwa kinywa changu, mbele ya binti yake, na nikasema Sabato ijayo nitasimama kanisani nieleze wanawake wote. Nilisimama kweli, na nikaeleza, na wengine tangu siku hiyo hawanisalimii. Lakini hapo Sironga, nilipomaliza, mama mkwe alisema alijua. Alijua tangu ile blanketi.

Mwanawe akamuuliza, huku analia, kwa nini hakumwambia siku ile ya miwa.

"Ningekuambia nini, mwanangu?" akasema. "Ungeniuliza nimejuaje. Ningeanza mimi kuongea nawe habari za kitanda cha chumba chako?"

Basi. Heshima niliyoifanya fimbo ya kumpigia, yeye aliishika mpaka mwisho, ikamfunga mdomo, akabeba aibu yangu kwa karibu miaka mitatu. Alisema amenisamehe. Aliniwekea mkono kichwani akaniombea. Tulimsihi arudi nyumbani, akasema atakuja kututembelea, ila kwa sasa kuna watoto wa binti yake wanaomhitaji, na wamemzoea. Nyumba yake bado imefungwa. Mume wangu huongea nami yale ya lazima: maziwa, karo, zamu ya kesho.

Kemunto bado ana pengo. Tunakwenda Sironga kila mwezi, na yeye humsalimia nyanya yake kwa adabu kama anavyomsalimia mgeni yeyote, kisha anarudi kukaa karibu nami.

Wewe mama unayenisoma, kama kuna mtu anayemlea mtoto wako vizuri, hata kama anamlea kuliko wewe, usimwonee kijicho. Mtoto hapungukiwi na upendo wako kwa kupendwa na mwingine. Meno ya maziwa ni meno. Yafute, yapige mswaki, na usimlaze mtoto na chupa ya kitu kitamu hata akilia mpaka majirani waje. Na kama umemsingizia mtu kama mimi nilivyomsingizia mama mkwe, usingoje wakati mzuri wa kusema. Safisha jina lake leo, mtoto akiwa bado anamkumbuka.